Nyuzi ngapi?

Kwetu Tanga, mzazi akitoka leba huulizwa maswali mawili. La kwanza ni mtoto gani, la pili ni nyuzi ngapi. La pili huulizwa kwa kunong'ona, wanaume wakishasogea nje.

Mwaka 2014, kwa mtoto wangu wa kwanza, nilijibu sita. Sikuzihesabu mimi, nesi ndiye aliyeniambia. Nilijifungulia hospitali moja ya Dar es Salaam, na hata kabla uchungu haujakolea nilikwisha kuambiwa kwamba mimba ya kwanza lazima mtu aongezwe njia, yaani akatwe kidogo mlangoni mwa uke ili mtoto apite. Kuongezwa njia! Utadhani ni Barabara ya Morogoro. Nikiwa katikati ya kusukuma nikasikia mkasi, na nasema nilisikia kwa masikio, krrt, kama mama yangu anakata gabadini mezani kwake. Hakuna aliyeniuliza. Sindano ya ganzi ilikuja baadaye, wakati wa kushona, na wakaanza kushona kabla haijashika. Wiki tatu nilikalia tako moja. Mume wangu naye alisubiri miezi, maskini, wala hakujua aulize nini.

Ndiyo maana mwaka 2019, mimba ya pili ilipofika mwezi wa nane, nikarudi kwetu.

Mama ni fundi cherehani. Siku moja namsimulia yale ya Dar huku anapiga pindo, akaniambia, "Lakini mwanangu, kitambaa kilichokatwa kwa mkasi si kinashoneka vizuri kuliko kilichochanika?" Baadaye nilikuja kugundua kwamba hiyo ndiyo hoja waliyoishikilia madaktari wengi kwa miaka mingi, kwamba jeraha lililonyooka linapona vizuri zaidi. Nikanyamaza. Akapiga pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, kisha akajijibu mwenyewe: "Ila nikitaka kuchana kitambaa kwa mkono, naanza na mkasi kidogo. Kisipoguswa mkasi hakichaniki upesi." Tukatazamana.

Uchungu ulinianza usiku. Kituoni nikamkuta mkunga wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Nikamwamkia, na kabla hata hajafungua kadi yangu ya kliniki nikasema, "Nesi, naomba usinikate." Nilisema kwa sauti ya mtoto aliyeona sindano. Nilitegemea kufokewa, kwa sababu leba nilizozijua mimi ni za kufokewa.

"Nani kakuambia nitakukata?" akauliza. Akaweka kile kipembe cha kusikilizia tumboni, akasikiliza, akaandika. Ndipo akasema, "Sikuahidi, lakini. Mapigo ya mtoto yakishuka na kichwa kiko hapo mlangoni, nitakata ili atoke haraka. Ila nitakuambia kabla."

Ajabu ni kwamba maneno hayo yalinituliza kuliko ambavyo ahadi ingenituliza.

Njia ilipofunguka yote hakunilaza chali. Alinigeuza ubavu wa kushoto, akachovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, akakikamua, akakibandika kwenye msamba, pale kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kikipoa anachovya tena. Kichwa kilipoanza kuonekana nikahisi moto kama niliyekalia pilipili, na mwili wote unataka kusukuma.

"Hapo usisukume, mama. Puliza. Puliza kama unapoza chai."

Kusukuma ni kazi, lakini kuacha kusukuma ni kazi kubwa zaidi, aliyezaa atanielewa. Nilipuliza chai ya ukoo mzima. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto kukizuia kisichomoke kwa nguvu, mwingine umeshikilia msamba. Kichwa kikatoka taratibu, uchungu ukiwa umetulia, na nikahisi kitu kinaachia. Hakikulia kama mkasi.

Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Kaka yake hakufika hata kilo tatu.

"Umechanika," mkunga akasema, taa imeelekezwa chini. Kiswahili chetu kilikwisha kuyatenganisha haya mawili: kuchanwa kuna mtu aliyekufanyia, kuchanika hakuna wa kumlaumu. Akapima mpaka kwa kidole nyuma, ahakikishe hakuna kilichofichika, huku ananieleza kama anamfundisha mwanafunzi. Daraja la kwanza ni ngozi tu. La pili linaingia kwenye misuli ya msamba. La tatu linafika kwenye misuli inayobana haja kubwa, na la nne linapita mpaka kwenye utumbo wenyewe. Langu lilikuwa la pili, dogo.

"Na ule mkasi wa Dar?" nikauliza.

"Mkasi unakata ngozi na misuli pamoja, kwa hiyo unaanzia la pili. Ungeachwa, pengine ungeishia la kwanza. Pengine ungefika la tatu. Hilo siwezi kukudanganya."

Akachoma ganzi, akasubiri, akanifinya kidogo. "Unasikia?" Sikusikia. Ndipo akashika sindano.

Nilisoma baadaye kwamba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema kuongeza njia kusifanywe kwa mazoea kwa kila anayejifungua kawaida. Mwaka mmoja tu kabla ya usiku ule. Lakini namna alivyokikamua kile kitambaa, yule mama hakujifunza mwaka jana.

Sitasema haikuuma. Mkojo ulichoma, niliogopa choo, nikala mapapai mpaka nikayachoka, na beseni la maji ya vuguvugu ya chumvi lilikuwa rafiki yangu asubuhi na jioni. Ila siku ya nne nilikaa mkekani, matako yote mawili, nikanywa uji wa pilipili manga.

Mama akanisogelea, akatazama mlangoni, akanong'ona, "Nyuzi ngapi?"

"Uzi mmoja. Kasema ameupitisha ndani kwa ndani toka mwanzo mpaka mwisho, utayeyuka wenyewe."

Mama akanyamaza kidogo, vidole vyake vikishona hewani. Akataka kujua fundo amelificha wapi.