Tiketi ya maegesho iliyonifikisha mbele ya hakimu wa shirikisho

Asubuhi moja ya Januari, theluji ikiwa imeanguka usiku kucha, nilimpeleka Mzee ninayemhudumia kwenye miadi yake katika hospitali ya wanajeshi wastaafu. Kazi yangu hapa Marekani ni kuwatunza wazee majumbani mwao, na Mzee huyu, ambaye alipigana Vietnam na sasa hawezi kupiga hatua bila kushikwa mkono, simwachi peke yake mlangoni hata kwa dakika moja. Niliegesha gari ubavuni mwa jengo, nyuma ya magari mengine mawili, nikashusha kiti cha magurudumu, nikamsukuma hadi mapokezi na kusubiri muuguzi ampokee. Niliporudi baada ya dakika 20 hivi, nilikuta karatasi imebanwa chini ya waipa: nimeegesha mahali pasiporuhusiwa, faini dola 25, ada ya kushughulikia tiketi dola 30, jumla dola 55.

Ada imezidi faini yenyewe, na hilo ndilo lililonifanya niisome karatasi ile kwa makini badala ya kuitupia kwenye mkoba. Juu kabisa hapakuwa na jina la jiji wala la kaunti. Palikuwa na jina la Mahakama ya Wilaya ya Marekani. Nilikuwa nimezoea tiketi za jiji, ambazo mtu huzipinga kwa barua au kwa kwenda ofisi ya maegesho, kwa hiyo kosa la kwanza ambalo ningeweza kulifanya lilikuwa kwenda kupanga foleni katika mahakama ya trafiki ya jiji, ambayo haina mamlaka yoyote juu ya jambo hili. Hospitali za wastaafu, kambi za jeshi, hifadhi za taifa na majengo ya ofisi za serikali kuu ni mali ya shirikisho. Tiketi zinazotolewa humo na askari wa shirikisho hupelekwa kwenye ofisi iitwayo Central Violations Bureau, iliyoko San Antonio, Texas, na anayezisikiliza ni hakimu wa shirikisho. Kisheria ni kosa dogo la jinai. Sheria inayohusu mali za hospitali hizi inaruhusu adhabu ya hadi miezi 6 gerezani kwa anayevunja kanuni zake, ingawa kwa kuegesha gari vibaya kinachodaiwa ni faini iliyopangwa.

Rafiki zangu karibu wote waliniambia nilipe. Kaka mmoja ninayemheshimu sana, ambaye amekaa nchi hii miaka mingi kuliko mimi, alinisihi kwamba mhamiaji hashindani na serikali kwa ajili ya dola 55. Nilimwelewa, kwa sababu ushauri wake ulitokana na mapenzi. Hata hivyo, mimi ninajiandaa kuomba uraia, na fomu N-400 inamuuliza mwombaji kama amewahi kukamatwa, kuzuiliwa au kuandikiwa hati ya kosa na askari yeyote. Jibu langu lingekuwa ndiyo, nikilipa nisilipe. Nilichoweza kuchagua ni maelezo yatakayofuata jibu hilo, na sikutaka yawe kwamba nililipia kosa ambalo niliamini sikulitenda.

Niliamini hivyo kwa sababu ya nilichokiona kabla sijaondoka pale. Kibao cha kukataza kuegesha kilikuwepo, lakini kilikuwa kifupi, kimewekwa nyuma ya tuta la theluji ambalo trekta la kusafisha njia lilikuwa limelirundika, na kutoka barabarani kilionekana ukingo wake wa juu tu. Mistari ya manjano, kama ilikuwepo, ilikuwa chini ya barafu. Nilipiga picha 11 kwa simu: kutoka kwenye usukani, kutoka mbele, kutoka nyuma, na moja nikiwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwenye kibao chenyewe. Simu iliandika saa na tarehe ya kila picha. Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu siku mbili baadaye theluji ilikuwa imeyeyuka, na yeyote aliyepita pale angeona kibao safi na mistari inayosomeka, akaniona mimi mwongo.

Usiku nilitafuta sheria yenyewe. Kifungu cha 901 cha sehemu ya 38 ya sheria za Marekani, ambacho ndicho kinachoruhusu kuwapo kwa kanuni za hospitali hizi, kinaagiza kwamba kanuni na adhabu zake zibandikwe mahali panapoonekana wazi kwenye mali husika. Kwa majengo mengine ya serikali kuu kuna agizo linalofanana nalo katika kifungu cha 1315 cha sehemu ya 40. Nilifurahi, kisha nikaona kwamba nisifurahi kupita kiasi, kwa sababu mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, moja ya mahakama za rufaa za shirikisho, katika kesi ya Bichsel, iliamua kwamba mtu aliyekuwa akijua katazo kwa hakika hawezi kujitetea kwa kusema halikubandikwa vizuri.

Kwenye tiketi za aina hii kuna visanduku viwili. Kikitiwa alama A, ni lazima ufike mahakamani. Kikitiwa alama B, unaweza kulipa na shauri likaishia hapo bila wewe kusikilizwa. Yangu ilikuwa B. Niliirudisha kwa posta nikiwa nimeonyesha kwamba ninaomba kusikilizwa, nikabaki na nakala. Nilikuwa nimehama nyumba miezi michache nyuma, kwa hiyo nilipiga simu kuhakikisha kwamba wana anwani yangu mpya. Wito wa mahakama huja kwa barua, na asiyefika kwa sababu barua ilikwenda nyumba ya zamani anaweza kutolewa hati ya kukamatwa kama aliyekimbia kwa makusudi. Barua yangu ilifika baada ya miezi miwili na nusu.

Siku ya shauri ukumbi ulikuwa na watu kama 30, wengi wao wakiwa na tiketi za mwendo kasi kutoka kambi ya jeshi na wengine kutoka hifadhini. Kabla hakimu hajaingia, mwendesha mashtaka alituita mmoja mmoja. Alikuwa mama wa makamo, mwenye adabu, na swali lake la kwanza lilikuwa lile nililoliogopa: je, nilikuwa nimewahi kufika hospitalini pale? Nilimjibu kweli, kwamba nilifika mara mbili wakati wa kiangazi, lakini mara zote nilimshushia Mzee mlango wa mbele na kuegesha kwenye ghorofa la maegesho, na ubavu ule wa jengo sikuwa nimeufikia. Mlango wa mbele asubuhi hiyo ulikuwa umefungwa kwa sababu ya barafu, na askari wa getini ndiye aliyenielekeza huko.

Akazitazama picha zote 11, moja baada ya nyingine, kisha akaenda kuzungumza na askari aliyeandika tiketi, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma. Nilikuwa tayari kusikilizwa kikamilifu. Nilijua kwamba kwa kosa dogo kama hili hakuna baraza la wazee wa mahakama, kwamba hakimu peke yake angeamua, kwamba mzigo wa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana ungebaki kwa serikali, na kwamba nikishindwa ningekuwa na siku 14 za kukata rufaa kwa jaji wa wilaya. Haikufika huko. Jina langu liliposomwa, mwendesha mashtaka alisimama akaomba shauri liondolewe. Hakimu akaniuliza kama nina la kusema, nikasema ninashukuru kusikilizwa, akaniambia niende kazini.

Yule askari alinifuata nje ya ukumbi. Aliniambia kwamba alianza zamu saa kumi na mbili asubuhi, kwamba walikuwa wawili tu kwa hospitali nzima, na kwamba hakufikiria kusimama mahali dereva anaposimama ili aone kama kibao kinaonekana. Nilimpa mkono, kwa sababu hakulazimika kuniambia hayo.

Nimepoteza mshahara wa siku moja, ambao ni zaidi ya dola 55, na ningeupoteza tena. Karatasi ya mahakama inayoonyesha kwamba shauri liliondolewa nimeiweka pamoja na picha zile katika bahasha moja na kadi yangu ya ukaazi, na kwenye fomu N-400, katika nafasi ya maelezo, tayari nimeandika sentensi tatu.