Barua pepe zinazorudi: nilivyosafisha orodha ya wafugaji nyuki Tabora

Skripti (programu ndogo) inayotuma bei za asali kwa wanachama wa ushirika wetu ilionyesha kila barua imetoka, ilhali baadhi yao hawakupata kitu. Seva yetu hupokea kwanza, na kwa skripti hiyo ndiyo "imetoka". Taarifa ya kukataliwa huja baadaye, kwenye anwani ya bahasha, yaani ya kurudishia ambayo seva hutumia, si ile ya mtumaji anayoiona msomaji.

Basi kila mpokeaji nikampa anwani yake ya kurudishia: rudi+147 (namba inamtambulisha mpokeaji), kisha @ na kikoa chetu, yaani jina letu la mtandaoni. Skripti nyingine husoma sanduku hilo usiku. Kila taarifa ina msimbo wa sababu. Msimbo 5.1.1, anwani haipo: inafungwa. Unaoanza na 4, tatizo ni la muda: inasubiri. Jihadharini na 5.7.1! Hapo kwa kawaida kilichokataliwa ni barua au seva yetu, anwani huenda ni nzima, msimfute mtu.

Waliofungwa tunawapigia simu. Wengi waliandikwa "gmial.com".