Kitasa kibovu kilivyonifundisha kukataza kwa Kihispania

Niko mapokezi kwenye gesti moja hapa Kigoma. Wageni wengi hulala usiku mmoja tu, alfajiri wanashuka Kibirizi kupanda boti ya Gombe wakaone sokwe. Wahispania hawakosekani, ndiyo maana nikaanza kujifunza lugha yao kwenye simu, zamu za usiku.

Siku moja kitasa cha chumba namba nne kiliharibika: ukifunga mlango ukiwa nje, umekwisha. Nikamwambia mgeni, tena kwa kujiamini, "No cierra la puerta." Nilidhani nimesema usifunge mlango. Kumbe nimemwambia mlango haufungiki! Maskini dada wa watu akauvuta kwa nguvu ahakikishe. Ta! Funguo ndani, pasipoti ndani, viatu ndani.

Mama mwenye gesti akatoka: "We mwanangu, umemwambia nini mgeni?"

"Shikamoo mama. Nimemkataza asifunge."

"Marahaba. Na huko ndiko kukataza?"

Fundi akiendelea kuchokonoa, yule dada akaniandikia nyuma ya risiti: cierra, no cierres. Nikaiangalia ile karatasi. A imegeuka E. Sasa si ndivyo tusemavyo sisi? Funga, usifunge. Na ile s ya mwisho inafanya kazi ya u- yetu, kuonyesha anayekatazwa ni wewe. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima na kitu ninachokisema tangu utotoni.

Ila wenzetu wana mambo. Vitenzi vinavyoishia na -ar, kama cerrar (kufunga), ndivyo vinavyokwenda kama vyetu. Vya -er na -ir vinafanya kinyume, E inakuwa A: duerme, no duermas (lala, usilale). Vuelve, no vuelvas (rudi, usirudi). Halafu kuna vile vinavyobadilika tumboni, katikati ya neno: cerrar inatoa ie, dormir (kulala) inatoa ue, pedir (kuomba) inatoa i. Dawa yangu ni kuanzia kwenye "mimi": cierro, duermo, pido. Nakata ile o, natia irabu ya kukataza, basi: no cierres, no duermas, no pidas. Jugar (kucheza) nayo inataka u ya ziada, no juegues, maana bila hiyo g itasomeka kama kh ya kheri.

Kilichonitesa hasa ni "tusi-". Tusifunge ni no cerremos, ie imetoweka. Tusirudi, no volvamos. Nikadhani basi, kwa "sisi" kila kitenzi kinarudi kilivyokuwa, nikasema no dormamos. Nikachekwa. Ni no durmamos, kwa u, na kwa pedir ni no pidamos. Hivi vya -ir sikupata ujanja wowote, nilivikariri kama jedwali la saba, nikifagia ua.

Siku ile ile niliandika kwa maka pen NO CIERRES LA PUERTA, nikabandika namba nne. Kitasa kimeshabadilishwa siku nyingi. Karatasi sijaibandua, na wiki iliyopita Mhispania mmoja akalala mlango wazi, asubuhi ananionyesha alivyoliwa na mbu.