Nilivyoufuata ukoo wa O'Sullivan hadi kitongoji chake

Ukoo wa O'Sullivan ni mkubwa mno. Katika takwimu za vizazi za Ireland za mwaka 1890 ulishika nafasi ya tatu kwa watoto 975, nyuma ya Murphy na Kelly pekee. Ndiyo maana watu wengi huanza kuutafuta kwa hamu, kisha wakaacha. Mimi nimeufuata mstari wa upande wa mume wangu kutoka New York hadi kitongoji kimoja cha parokia ya Tuosist, kusini mwa kaunti ya Kerry, Ireland, na kila hatua nina hati yake. Najivunia kazi hii, na naandika kwa sababu sehemu kubwa ya ushauri unaotolewa kuhusu majina ya Ireland ni wa kupoteza muda.

Nianze na huo ushauri mbaya. Wa kwanza: "Nunua nembo ya ukoo, historia yote imeandikwa nyuma yake." Nembo za Ireland kwa desturi hutolewa kwa mtu na wazao wake, si kwa kila anayebeba jina. Hizo za madukani ni mapambo ya ukutani. Wa pili: "Jina lilibadilishwa na makarani wa Ellis Island." Kituo hicho cha kupokelea wahamiaji, New York, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na makarani wake walisoma orodha zilizoandikwa na kampuni za meli kabla ya safari. Mtu aliyefika mwaka 1851 hakukiona kabisa. Wa tatu, ambao ndio unaoniudhi kuliko yote: "Mwenye O' ni Mkatoliki, asiye nayo ni Mprotestanti." Si kweli hata kidogo. O' ilidondoka karne ya 17 na ya 18 kwa sababu aliyeandika alikuwa karani wa Kiingereza, na ikaanza kurudishwa mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoanza kuionea fahari lugha yao. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa mmoja Sullivan na mwingine O'Sullivan. Kwa hiyo kila unapotafuta, tafuta mara mbili, halafu ongeza Sulivan yenye L moja.

Chimbuko lenyewe linashangaza wengi, kwa sababu kwao pa kwanza si Kerry wala Cork. Ó Súilleabháin, ndilo jina la O'Sullivan kwa Kiayalandi, walikuwa tawi la Eoghanacht, watawala wa Munster, mkoa wa kusini mwa Ireland, na ardhi yao ilikuwa Knockgraffon, kusini mwa Tipperary, kando ya mto Suir. Wanormani walipoingia mwishoni mwa karne ya 12, ukoo ulisukumwa magharibi hadi kwenye milima na ghuba za Kerry na Cork. Huko ukagawanyika: O'Sullivan Mór walikaa Dunkerron karibu na Kenmare, na O'Sullivan Beare wakashika rasi ya Beara, ngome yao ikiwa Dunboy. Hata MacGillycuddy, wale ambao jina lao limebaki kwenye milima mirefu kuliko yote Ireland, ni tawi la O'Sullivan Mór. Kwa hiyo usishangae ukikuta kwenye karatasi za zamani mtu mmoja ana majina mawili.

Dunboy ilibomolewa na jeshi la Waingereza mwaka 1602. Mwisho wa mwaka huo Donal Cam O'Sullivan Beare aliondoka Glengarriff na watu wapatao 1,000 kuelekea Leitrim, kaskazini. Waliofika naye ni 35. Yeye mwenyewe alikimbilia Hispania na akauawa Madrid mwaka 1618. Kila familia ya Sullivan niliyowahi kuzungumza nayo inadai kuwa wazao wake. Heshimu madai hayo, yaandike pembeni, kisha anza na hati ya juzi na kurudi nyuma. Hati za watu wa kawaida katika eneo lile ni shida sana kuzipata kabla ya karne ya 19, na anayekupa mti wa ukoo unaounganisha mkulima wa mwaka 1850 na chifu wa mwaka 1600 bila karatasi za katikati anakuuzia hewa.

Sasa kazi yenyewe. Kuandika "Daniel Sullivan, Kerry" kwenye kisanduku cha kutafutia ni kutwanga maji kwenye kinu. Utapata Daniel mamia, wengi wao wa rika moja, baba zao wakiitwa Timothy au Cornelius. Kosa si la programu. Ukoo mmoja ulijaa katika eneo dogo na ukatumia majina machache ya kwanza, tena kwa utaratibu: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Babu mwenye wana wanne huwa na wajukuu wanne wenye jina lake, ukoo ule ule, kijiji kile kile.

Ujanja ni kuliacha jina la Sullivan na kushika jina la mke. Hati ya ndoa ya New York ilinipa jina la ukoo la bibi harusi: Lowney. Jina hilo ni la Beara na halina watu wengi. Sullivan peke yake ni mamia, Sullivan na Lowney pamoja ni familia za kuhesabika kwa vidole. Kama mke naye ni Sullivan, jambo la kawaida sana kule, nenda kwa mama yake, au kwa wasimamizi wa ubatizo.

Kilichofungua mlango ni daftari la benki. Emigrant Industrial Savings Bank ilianzishwa New York mwaka 1850 kwa ajili ya wahamiaji wa Ireland, na ili kumtambua mteja asiyejua kusoma, karani alimuuliza maswali na kuandika majibu: amezaliwa kaunti gani na parokia gani, alikuja na meli ipi, wazazi ni nani na kama wako hai, ndugu wako wapi, mke alikuwa ukoo gani. Mteja akirudi kutoa pesa, anaulizwa tena, na majibu yasipolingana hapewi. Kwa hiyo yale ni maelezo ya mtu mwenyewe, aliyoyatoa akijua akiba yake inayategemea. Niliyemtafuta aliandikwa kuwa wa Tuosist, Kerry. Neno hilo moja lilinipunguzia kisiwa kizima hadi parokia moja.

Si ajabu alitoka huko. Tuosist na vitongoji vya Kenmare vilikuwa shamba la Lord Lansdowne. Baada ya Njaa Kuu ya miaka ya 1840, kuanzia mwaka 1851, wakala wake William Steuart Trench aliwalipia nauli maelfu ya wapangaji maskini waende Amerika, kwa sababu kuwasafirisha kulimgharimu kabaila kidogo kuliko kuwalisha. Wengi waliishia Five Points, mtaa wa watu hohehahe wa New York. Ukikuta Sullivan na Shea wamejazana kwenye nyumba moja ya Five Points katika miaka ya 1850, angalia Kenmare kwanza kabla ya kwingine kokote.

Kwenye rejesta za kanisa kuna mtego unaowanasa wengi. Rasi ya Beara kwa kiasi kikubwa iko kaunti ya Cork, lakini parokia zake, yaani Allihies, Eyeries, Castletownbere na jirani zake, ziko chini ya jimbo Katoliki la Kerry. Anayetafuta ubatizo wa Castletownbere kwenye rejesta za jimbo la Cork na Ross atatafuta mpaka achoke na hatapata hata mtoto mmoja. Chagua jimbo la Kerry. Faharasa yake iko wazi bure kwenye tovuti ya serikali ya Ireland ya nasaba, na picha za rejesta zenyewe hadi mwaka 1880 ziko Maktaba ya Taifa, pia bure. Soma zote mbili: aliyetengeneza faharasa alisoma mwandiko wa padre, na mwandiko wa mapadre wale una visa vyake.

Majina ya kwanza nayo usiyachukue kama yalivyo. Diarmuid aliandikwa Jeremiah, au Darby. Tadhg akawa Timothy, Thaddeus au Thady. Donncha akawa Denis, Eoghan akawa Eugene au Owen, Conchúr akawa Cornelius. Gobnait, jina la kike linalopendwa sana kule, liligeuzwa Abigail au Deborah. Mtu aliyeitwa Darby kwenye ubatizo na Jeremiah kwenye ndoa si watu wawili. Niliandika jedwali la majina haya kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza, na ndilo nililolitazama mara nyingi kuliko hati yoyote.

Tarehe nazo zina mambo yake. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa watu wote ulianza tarehe 1 Januari 1864. Mzazi aliyechelewa kusajili alitozwa faini, kwa hiyo alisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa. Utakuta mtoto amebatizwa wiki kadhaa kabla ya "kuzaliwa". Amini ubatizo. Umri nao: linganisha sensa ya mwaka 1901 na ya 1911 utaona wazee walioongezeka miaka 15 ndani ya miaka 10. Kati ya sensa hizo mbili, Januari 1909, pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa, na kwa kuwa hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, umri ulikadiriwa.

Sensa kamili za karne ya 19 hazipo. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua kwenye jengo la Four Courts, Dublin, Juni 1922, na za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Hapo ndipo inapoingia orodha ya kodi ya ardhi ya Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864. Kwa Kerry ilifika mapema miaka ya 1850, yaani aliyeondoka na nauli ya Lansdowne mwaka 1851 hamo. Tafuta baba au kaka aliyebaki. Kwa babu yake, rudi kwenye vitabu vya zaka vya miaka ya 1820 na 1830.

Orodha ya Griffith ina zawadi moja kwa watu wa koo kubwa. Kitongoji kikiwa na John Sullivan watatu, mkadiriaji alilazimika kuwatofautisha, akaongeza kwenye mabano jina la baba au la utani: John Sullivan (Timothy), John Sullivan (Bawn). Lile la baba linakupa kizazi kizima bila kutafuta hati nyingine. Linganisha hayo na wasimamizi wa ubatizo. Familia za jirani zilisimamiana watoto, na kila msimamizi wa watoto wangu wa Sullivan na Lowney alikuwa anaishi ndani ya vitongoji viwili vinavyopakana. Hapo nilijua nimefika.

Uthibitisho wa mwisho ulitoka kwenye vitabu vya marekebisho ya orodha hiyo, vilivyohifadhiwa Dublin. Kila shamba lina mstari wake. Mpangaji akifa au akiondoka, jina lake lilikatwa, jipya likaandikwa juu, na kila duru ya marekebisho ilitumia wino wa rangi tofauti: mwekundu, wa buluu, wa kijani. Mwaka umeandikwa pembeni kulia kwa rangi ile ile. Niliona Timothy amekatwa kwa wino mwekundu, Cornelius juu yake, kisha Cornelius amekatwa kwa buluu na mjane wake kuingia. Kumbuka kwamba mabadiliko yaliandikwa mkaguzi alipopita, kwa hiyo mwaka wa pembeni unaweza kuchelewa miaka kadhaa nyuma ya kifo. Tafuta kifo kuanzia mwaka ule ukirudi nyuma, usitafute mwaka ule tu.

Gharama haikuwa kubwa. Tovuti za serikali ni bure, nakala za vyeti ni euro chache kila moja, na pesa nyingi ziliishia kwenye kipimo cha vinasaba. Kwa jina la ukoo chukua kipimo cha kromosomu Y, ambayo hupita kutoka baba kwenda mwana kama jina lenyewe, na lazima mpimwaji awe mwanamume wa mstari huo. Kipimo cha kawaida cha vinasaba vya pande zote kinahitaji tahadhari kwa watu wa Beara na Tuosist: wameoana wenyewe kwa wenyewe vizazi vingi, kwa hiyo binamu wa mbali anaonekana wa karibu. Walio chini ya sentimogani 20 (kipimo cha wingi wa vinasaba ambavyo watu wawili wanashiriki) niliwaweka kando wote.

Kama karatasi za Amerika zinakupeleka Butte, Montana, badala ya New York, njia ni tofauti. Migodi ya shaba ya Allihies, ncha ya Beara, ilifunguliwa mwanzoni mwa karne ya 19, na ilipodorora wachimbaji wake walifuata shaba, wengine wakipitia migodi ya Michigan kwanza. Wa Butte anza na Allihies na Eyeries. Wa Cardiff na Newport, huko Wales, mara nyingi walivuka kwa meli kutoka bandari za Cork, na kwao sensa za Uingereza za 1841 hadi 1921 zipo karibu zote, ingawa sehemu ya kuzaliwa mara nyingi imeandikwa "Ireland" tu. Kwa hao, jina la ukoo la mke kwenye cheti cha ndoa, au la mama kwenye cheti cha kuzaliwa, ndilo litakalokupa mahali pa kuanzia.