Kijito Kikikauka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikulala vizuri. Niko fildi, mwaka wa mwisho wa uuguzi na ukunga, katika kituo kidogo cha afya mbali na mji. Nililetwa nijifunze kuzalisha. Wiki ya 6 inaisha, na waliojifungulia mikononi mwangu ni 3 tu. Wajawazito wengi hupewa rufaa mapema, wengine hupitiliza wenyewe hadi hospitali ya wilaya. Siku zinaishia kwenye kukunja gozi za vidonda na kupima watoto uzito.

Nimeuliza sana: Bwana, nibaki au niondoke? Ndugu wengi wamenijibu kwa Luka 16:10, uaminifu katika lililo dogo, nami nalipokea. Lakini Jumanne alfajiri nilisoma 1 Wafalme 17 nikakwama pale kwenye kijito cha Kerithi. Mungu mwenyewe ndiye aliyempeleka Eliya kijitoni, kunguru wakamletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Kisha maji yakakauka. Hatuambiwi kwamba Eliya alipotea njia au alipungukiwa imani. Mvua haikunyesha, basi. Neno lililofuata likawa: ondoka, uende Sarepta. Kumbe hata kuondoka ni utii, ukitumwa.

Lakini kilichoninyima usingizi hasa kilitokea Jumatano. Mwenzangu, tunayeomba pamoja, alinifungulia logibuku yake, lile daftari tunaloandika kila mama tuliyemzalisha kisha msimamizi anatia sahihi, kurasa zimejaa. "Mpendwa, jazia tu, sahihi itapatikana." Nakiri mbele yenu: niliandika mstari mmoja kwenye yangu. Tarehe, umri wa mama, mtoto wa kike, kilo 3.1. Mtoto ambaye hakuzaliwa. Nikaitazama ile kilo 3.1 nikalia.

Ndugu zangu mnaosomea kazi hizi, nanyi mnaotia sahihi, nisikilizeni. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana," Mithali 11:1. Tumezoea kulisoma hilo kwa wauza mahindi. Saa zetu za mafunzo nazo ni mizani! Mtoto akishatoka, mama anatakiwa achomwe oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba asivuje damu, ndani ya dakika 1, kisha mkono wako uende tumboni ujue mji wa mimba umekaza au umelegea. Mkono haufundishwi na wino. Umefundishwa na wale kina mama uliowashika mmoja baada ya mwingine, mwalimu akiwa amesimama nyuma yako. Mama anayevuja damu usiku wa manane hakuulizi ulizalisha wangapi. Amemwacha mumewe nje kwenye benchi, ameyaona mavazi yako meupe, akakuamini. Utamwambia nini? Tubuni. Mimi nimetubu.

Ule mstari nimeukata kwa kalamu nyekundu, pembeni nikaandika "si kweli" na jina langu. Jumatatu naipeleka logibuku kwa mratibu wetu chuoni kama ilivyo, na hao watatu wangu, nimwombe anihamishie penye kina mama wengi wanaojifungua, hata kama itanibidi kurudia muhula. Ada ya muhula mwingine nyumbani haipo. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo tu, nalishika hilo.

Niombeeni. Naandika haya nikiwa zamu ya usiku. Yuko mama mmoja leba, njia imefunguka sentimita 6, na kila nusu saa nainuka kusikiliza mapigo ya mtoto. Mwombeeni na yeye.