Hifadhi ya Bahari ya Malindi: hesabu mwezi kabla ya kulipa

Kabla hujatafuta nahodha, angalia mwezi umefika siku ya ngapi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, ni bamvua. Maji hupwa sana, na huku kwetu kupwa huko huangukia mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku husogea kwa dakika kama 50, kwa hivyo juma moja baadaye ni maji mafu, yaani hayapwi sana wala kujaa sana, na kupwa kumefika jioni, wakati jua halina nguvu ya kuangaza chini.

Boti za vioo zina raha yake maji yakiwa machache, matumbawe yako karibu na kioo na mwamba wa nje unavunja mawimbi. Maji yakijaa utaona kijani tu na kivuli cha pono anayepita. Ondoka saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Ukichelewa, boti haifiki ufuoni na utatembea majini hadi kiunoni, simu kichwani.

Upepo nao una neno. Mto Sabaki humwaga maji yake kaskazini mwa mji. Kusi, upepo utokao kusini, husukuma tope lake kwenda kaskazini, mbali na hifadhi, lakini bahari yenyewe huchafuka kwa mawimbi. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, hulileta Malindi, ndiyo maana baada ya mvua za vuli maji huwa mekundu hata kama hapa mjini hakujanyesha. Februari na Machi, mto ukiwa umepungua, ndio wakati wangu.

Wa kutembea kwa miguu aanzie Nguzo ya Vasco da Gama, ashuke kusini kupitia Silversands hadi Casuarina, penye mivinje na lango la hifadhi. Anza maji yakiwa yanatoka, upite kwenye mchanga mgumu uliolowa. Ule mkavu wa juu unachosha mapaja mapema.

Mwambani vaa raba zenye soli ngumu, si ndara. Wale wanyama weusi wa baharini wenye miiba mirefu (sea urchins) hujificha kwenye mashimo, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama, ukiukamua unavunjika zaidi. Loweka mguu katika maji ya moto kadiri unavyostahimili, nusu saa au zaidi. Ukichomwa karibu na kifundo, nenda hospitali. Na usikanyage tumbawe lililo hai. Mengi yalikufa kwa joto la bahari la 1998, yaliyobaki hayahitaji raba zako.

Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya, langoni hawapokei noti. Kamilisha malipo ukiwa bado mjini penye mtandao mzuri. Boti ni hesabu nyingine: patana bei kabla ya kupanda, na uulize kama miwani na mrija vimo ndani yake. Ndoano acha nyumbani. Kuvua hakuruhusiwi humu tangu 1968, na makombe hayatoki hata moja.