Nilivyokizoea 涨 (zhǎng), kitenzi cha Kichina cha bei kupanda

Anayefuata mzigo Guangzhou au Yiwu, miji ya Uchina, atakutana na 涨 (zhǎng) mapema. Mimi nilikijua kupitia bei, na hadi leo naona hiyo ndiyo njia fupi. Hutumika kwa bei, kodi ya nyumba, mshahara, gharama za kusafirisha mzigo, hata maji ya mto au bahari yanapojaa. 房租涨了 (fángzū zhǎng le): kodi imepanda. Muuzaji akisema 涨价了 (zhǎngjià le), 价 ndiyo bei yenyewe, kwa hiyo usitangulize tena 价格 (jiàgé). Ama 价格涨了, ama 涨价了.

Kazi ipo kwenye tarakimu. 涨了 hutaja nyongeza. 涨到 (zhǎng dào) hutaja bei ilipofikia. Kodi ikitoka yuani 2,000 hadi 2,500, ni 涨了五百 au 涨到两千五. Kwa asilimia, 涨了百分之二十五: 百分之, yaani "kwa mia", hutangulia, namba hufuata.

Panaponasa wengi wetu ni 倍 (bèi), yaani "mara" ya kuzidisha. Kwa Kiswahili, bei ikitoka 10 hadi 20 tunasema imepanda mara mbili. Mchina husema 涨了一倍, maana anahesabu kilichoongezeka tu, nacho ni 10 moja. Ukisema 涨了两倍, umesema imefika 30! Kwenye oda kubwa hiyo ni hasara ya kweli, kwa hiyo kila ninaposikia bèi huuliza papo hapo: 现在多少钱? (xiànzài duōshao qián), sasa ni bei gani? Kisha naomba iandikwe kwenye kikokotoo.

Kwa matamshi, ni toni ya tatu, sauti ya chini, na mwisho wake ni ng' ya ng'ombe. Ikifuatwa na toni ya tatu nyingine hugeuka ya pili, sauti inayopanda: 涨五块 husikika zháng wǔ kuài. Herufi hiyohiyo ikisomwa zhàng, toni ya nne, sauti inayoshuka, ni kuvimba, kama maharage yaliyolowekwa: 泡涨了 (pào zhàng le).

Usikipeleke kila mahali. Joto hupanda kwa 升高 (shēnggāo), kiwango cha lugha kwa 提高 (tígāo), idadi ya watu kwa 增加 (zēngjiā). Mtoto hukua kwa 长 (zhǎng): sauti ileile, herufi nyingine. Bei ikishuka ni 降 (jiàng), hisa zikishuka ni 跌 (diē). Na kwenye skrini za soko la hisa la Shanghai, nyekundu ni 涨, kijani ni 跌.